Joto linaisha, masika yanakaribia: cha kununua Kariakoo sasa hivi, na cha kukiacha

Habari zenu wapendwa, karibuni sana. Leo meza imejaa. Nina kanga, dera mbili, kikoi, mkoba wa ukili, makubadhi, miwani ya jua, kofia na shati moja la kitani. Vyote nimevinunua hapa Dar kwa pesa yangu mwenyewe, hakuna duka lililonilipa wala lililonipa kitu cha bure, kwa hiyo kizuri nitakisifia na kibaya nitakitaja.

Tuko mwisho wa kaskazi. Joto bado halijatuachia, unyevu nao ndio unazidi, na muda si mrefu mvua za masika zinaanza. Wafanyabiashara wanataka kumaliza mzigo wa msimu wa joto, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kupatana bei. Angalizo moja tu: miaka hii Idi el-Fitri imekuwa ikiangukia mwezi huu huu wa Machi. Kama huna haraka ya nguo ya sikukuu, usiende Mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, wiki ya mwisho ya mfungo. Bei zinapanda na hakuna anayetaka kukusikiliza. Subiri Idi ipite, nenda siku tatu nne baadaye, utaongea na muuzaji vizuri.

Na leo siangalii mtindo kwanza. Naangalia uzi. Ukishaujua uzi, mtindo ni juu yako.

Haya, kanga. Doti hii nimeipata kwa elfu kumi na mbili. Sogea karibu uone. Hapa kwenye pindo, chini kabisa, kuna maandishi madogo sana. Hayo si jina la kanga, ni alama ya mwenye mali au kiwanda. Watu wengi hawayasomi kabisa. Yasome, kwa sababu kanga isiyo na alama yoyote huna wa kumuuliza. Wenzangu wa Mombasa mnaijua ile ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya akina Kaderdina Hajee Essak wa Mtaa wa Biashara, duka lililoanza mwaka 1887. Sisi huku tumekua na za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Siku hizi kanga nyingi sokoni zinachapwa India, na si kwamba ni mbaya zote, ila ndiyo maana lazima uzikague moja moja.

Nazikagua hivi. Kwanza naisugua pembe ya kanga kati ya kucha mbili, hivi, kwa nguvu. Unaona huu unga mweupe? Ni wanga. Kanga mpya lazima iwe na wanga kidogo, hilo halina neno. Lakini unga ukimwagika kama huu wa doti hii ya pili, ujue kitambaa chenyewe ni chepesi, kimesimamishwa na wanga. Ukiifua mara mbili tu, unaona mkono wako upande wa pili. Ya kwanza haikutoa karibu chochote. Ukiiinua kwenye mwanga, nyuzi zimekaa karibu karibu, na nyuma rangi imepenya karibu sawa na mbele.

Pili, natazama doti kabla haijakatwa. Kanga mbili zimeungana hapa katikati. Hakikisha pindo ni sawa pande zote nne na jina halijakaa upande. Kiwanda kikichapa vibaya, ukishakata na kupinda unabaki na kanga moja ina pindo nene na nyingine nyembamba, na huwezi tena kuirudisha dukani.

Tatu, moto. Naomba muuzaji anikatie uzi mmoja pembeni, nautoa nje ya duka mbali na vitambaa, nauwasha. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanasagika. Poliesta, ule uzi wa plastiki, inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Kuna duka moja nilimuuliza kaka muuzaji, "Hii pamba?" Akanijibu, "Dada, pamba tupu, hata usijisumbue." Uzi ukaacha kidonge. Sikugombana naye. Nikamshukuru, nikaenda duka la jirani.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya jasho. Pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake kabla hata hujaihisi imelowa. Kitani kama asilimia 12. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Sasa wewe uko Dar mwezi Machi, hewa yenyewe imejaa maji, umejifunga kitu kisichonyonya chochote. Jasho linabaki mwilini, linawasha, na watoto ndio wanaoumia zaidi, maana tunawabeba na kuwafunika kwa kanga hizo hizo. Kwa mtoto mchanga kanga ya poliesta usinunue, hata ukiuziwa nusu bei.

Kuhusu kuchuja rangi: mtaambiwa loweka na chumvi. Rangi iliyochapwa vibaya, chumvi haiishiki. Ifue peke yake mara mbili tatu za mwanzo, maji baridi, sabuni kidogo, uianike kivulini ikiwa imegeuzwa. Basi.

Twende kwenye dera. Nimeleta mbili kwa makusudi. Hili la bluu na hili la machungwa yalitundikwa pamoja, bei moja, na muuzaji aliyaita yote pamba. Hakuna lililo pamba. La bluu ni reyoni, uzi wa kiwandani unaotokana na miti: linashuka vizuri, ni baridi mwilini, linanyonya jasho. La machungwa ni poliesta. Likunje kwenye ngumi, libane, liachie. La bluu limejikunja mikunjo, la machungwa limerudi kama halijaguswa. Kwa joto hili nachukua la bluu bila kufikiri mara mbili, lakini sikilizeni: reyoni ikilowa inakuwa dhaifu sana. Ukiikamua kwa kuisokota inachanika mshononi, na ufuaji wa kwanza inaweza kurudi ndani. Nunua refu kidogo kuliko unavyotaka, ikamue kwa kuibana kwenye taulo, na usiiache kwenye kamba mvua ikinyesha. Zipo dera za pamba halisi, zinapatikana, ila uliza na upime kwa ule uzi wako.

Kikoi hiki sina maneno mengi, ni kizuri. Kikoi cha kweli kinafumwa kwa nyuzi ambazo tayari zina rangi, kwa hiyo mistari yake iko sawa mbele na nyuma. Ukiona nyuma imefifia, hicho kimechapwa. Matamvua yaangalie kama yamesokotwa yakabana. Kina baba, hiki ndicho cha kuvaa nyumbani jioni, na dada zangu, kikitupwa begani usiku wa upepo wa baharini hakina mfano.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote mezani. Mkoba wa ukili. Huu umetoka Unguja, nimeununua hapa mjini elfu thelathini na tano baada ya kupatana. Nataka muuone kwa karibu kabisa, kwa sababu watu wanaulizia bei yake halafu wanashangaa.

Majani machanga ya mkindu yanakatwa, yanaanikwa juani, yanachanwa vipande vyembamba. Yanayotakiwa rangi yanachemshwa na rangi. Ndipo mwanamke anakaa anasuka, na wanaosuka wengi ni wanawake, anapata ukanda mrefu, mita na mita. Huo ukanda ndio ukili. Kisha unashonwa ukizungushwa kuanzia kitako, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka juu. Unaona hizi alama za mshono? Kila mzunguko umeshonwa kwa mkono kwenye mwenzake. Kwa kazi ya namna hii bei ile si kubwa, na ningependa tuwe tunapatana kwa kiasi tukinunua kwa msukaji mwenyewe.

Lakini kazi haziko sawa. Nakagua sehemu tatu. Kitako: hapo ndipo mkoba unapoanzia na ndipo unapokufa. Bonyeza kwa kidole gumba, kisiachie mwanga. Halafu shika mizunguko miwili jirani, ivute taratibu. Ikiachana ukaona nafasi, mshono ulirukwa. Mwisho ni mishikio. Huu una mishikio ya ngozi iliyoshonwa ikapita mpaka ndani, na ndani kuna bitana ya kitenge na zipu. Nilikuta mingine inapendeza zaidi kwa macho, ila mishikio imegandishwa kwa gundi. Weka humo simu, chupa ya maji na viatu vya kubadilisha, haifiki Posta.

Masika ndiyo mtihani wake. Ukili ukikaa na unyevu unaota ukungu. Usiufungie kabatini kwenye mfuko wa plastiki. Uning'inize mahali penye hewa, ukilowa ufute na uuanike kwenye jua la asubuhi. Na usiukunje, unavunjika pale pale ulipokunjwa.

Makubadhi, kwa haraka. Angalia ukingo wa ngozi ulipokatwa: ngozi halisi ina manyuzinyuzi yaliyosongamana, ya bandia ina tabaka la plastiki juu na kitambaa chini. Soli iwe imeshonwa. Haya ni mazuri, rangi zake zimetulia, ila matope ya masika yatayaua. Nunua sasa yakiwa bei nzuri, uyaweke uyavae kuanzia Juni kusi ikivuma. Mvuani vaa kandambili.

Miwani ya jua. Hapa naomba mtulie kidogo maana ni macho yetu. Nina miwili. Hii nyeusi tii ni ya mkononi, ya barabarani. Hii ya kahawia hafifu ni ya duka la miwani. Zote zina kibandiko cha UV400, maana yake inazuia mionzi ya jua isiyoonekana hadi nanomita 400. Kibandiko chochote kinaweza kuchapwa na yeyote. Nilizipeleka zote mbili kwa fundi wa miwani mwenye kile kipimo kidogo cha mionzi. Ile ya kahawia imezuia. Ile nyeusi imepitisha.

Na hiyo nyeusi inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu. Giza la kioo linafanya mboni ya jicho ifunguke zaidi, sasa ile mionzi inaweza kuingia ndani zaidi kuliko ungekuwa macho wazi. Kwa hiyo usichague miwani kwa weusi wake. Nenda duka lenye kipimo, uombe wakupimie. Ni kazi ya dakika moja. Madereva wa bodaboda na wavuvi, ninyi ndio hasa nawasemesha hapa.

Kofia hii ya ukili ina ukingo unaozidi vidole vinne, inafunika masikio na shingo. Kapelo haifuniki masikio, haifuniki shingo. Kama nyumbani kuna mtu mwenye ualbino, kofia ya namna hii na mikono mirefu ya pamba ni kinga halisi dhidi ya saratani ya ngozi, na pale Moshi, hospitali ya KCMC, kunatengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yanayoitwa Kilisun kwa ajili yao. Ulizieni kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino mkoani kwenu. Kununua kofia nzuri ya mtoto huyo kuna maana kuliko vitu vyangu vyote hapa mezani.

La mwisho, shati la kitani, mtumba, soko la Karume, elfu nane. Dukani likiwa jipya hulipati kwa bei hiyo hata ungefanyaje. Kitani kinakunjamana, ndiyo tabia yake, usipambane nayo kwa pasi kila saa. Soma lebo ya ndani, ubavuni chini kushoto, siyo ile ya shingoni. Ya shingoni inataja kampuni, ya ubavuni ndiyo inayotaja uzi. Kama imekatwa, rudi kwenye mwanga: nyuzi za kitani hazilingani unene, kuna mahali zinavimba vimba hivi. Kisha geuza kwapa. Doa la njano la kwapa liache pale pale hata kama ameshuka hadi elfu tatu, hilo halitoki. Kola iliyolika ukingoni nayo iache. Kifungo kimoja kilichokosekana si tatizo, fundi wa pembeni anakushonea ukisubiri.

Nendeni asubuhi belo zinapofunguliwa. Ikifika mchana, wenye maduka ya mtumba wa kuchagua wameshabeba vile vizuri, na utavikuta Sinza mara mbili ya bei. Na bebeni noti ndogondogo, maana ukitoa ya elfu kumi kwenye shati la elfu nane, utaambiwa hakuna chenji, ongeza kingine.