Chaja ya wayalesi: uzoefu wangu, na jibu nililopewa dukani

Naandika bado nina hasira kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Kama una mpango wa kununua hizi chaja za wayalesi, zile za kisahani unalaza tu simu juu yake inachaji, ushauri wangu ni usinunue. Yani usinunue. Haya, labda sio usinunue kabisa, nitafika huko, ila ngoja kwanza niseme yaliyonikuta.

Niliinunua kwa ajili ya mama. Mama ana baridi yabisi ya vidole, kuchomeka waya kwake ni vita, anahangaika kulenga lile tundu mpaka anakata tamaa anaiacha simu izime, na mimi niko Tegeta yeye yuko Mbagala, akiwa hapatikani nusu siku mimi kazini sifanyi kitu. Simu yake ni Galaxy S9 niliyokuwa natumia mimi zamani, hiyo inakubali wayalesi tangu ilivyotoka. Hapo muwe makini sana jamani, simu nyingi tunazotumia huku hazina hiyo kitu ndani. Galaxy za A hazina, Tecno na Infinix nyingi hazina, iPhone zimeanzia 8 ya mwaka 2017. Muuzaji atakwambia inaingia simu zote, muongo, simu isipokuwa na koili yake (ule waya uliozungushwa duara) kule nyuma utailaza hapo mpaka asubuhi na haipandi hata asilimia moja.

Basi nikachukua duka moja pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey, boksi zuri, alama ya Qi ipo, ile ya kiwango cha chaja za wayalesi, imeandikwa wati 15. Siku za mwanzo mama alifurahi hadi anaonyesha majirani.

Halafu usiku mmoja, mwezi uliopita sijui ule wa kabla yake, mama kaweka simu kwenye chaja kama kawaida na kulikuwa na sarafu ya mia tano pale juu. Meza ya mama ni meza ya mtu mzima yeyote, ina dawa, pini, funguo, chenji ya daladala. Mdogo wangu anayekaa naye ndiye aliyesikia harufu ya plastiki inaungua. Anainua simu, kava limeganda kwenye raba ya chaja, sarafu ya moto haishikiki, na ile raba imelainika sarafu imezama imeacha duara, kingo zake zimekuwa za kahawia. Na mama amelala humohumo, neti inaning'inia pembeni ya meza. Neti! Kila nikifika hapo nashindwa kuendelea kuandika.

Sasa msije mkaniambia mama ndio alaumiwe. Hii kitu inavyofanya kazi, koili ya kwenye chaja inatengeneza sumaku inayobadilikabadilika haraka sana, ikikutana na koili ya simu inageuka umeme, ikikutana na kipande kingine cha chuma inageuka joto. Hilo sio jipya, Faraday alishaonyesha mwaka 1831 umeme unavyozaliwa kwa sumaku inayobadilika. Ndio maana chaja ya Qi ya kweli imewekewa ulinzi, inalinganisha umeme inaoutoa na ule ambao simu inasema imeupokea, ikiona unapotea mwingi njiani inajua kuna kitu hapo katikati, inakata. Watengenezaji wanajua kabisa kwamba majumbani kuna sarafu na funguo. Kwa hiyo chaja isiyokata ni mbovu, hakuna mjadala.

Nikairudisha dukani na sarafu yangu. Sikutaka ugomvi, nilitaka hela yangu au nyingine nzima, basi. Kijana hata hakuishika, kaitazama pale juu ya kioo kacheka na mwenzake, "Sista, nani kakwambia chaja inawekwa hela?" Nikamwelezea taratibu, nikamwambia kuna mtu mzima alikuwa amelala pale. Akanijibu, "Si hajaungua? Sasa unalalamika nini?"

Si hajaungua.

Nilitetemeka aisee. Kanionyesha karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia basi nipe risiti yangu ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya siku ile mliyosema mashine ina tatizo, akageuka anahudumia mteja mwingine kama sipo. Nimenunua vitu Kariakoo tangu nasoma sekondari, nimeuziwa vibovu nikabadilishiwa kwa maneno mazuri tu, huyu ndiye wa kwanza kunijibu hivyo kuhusu mama yangu mzazi.

Nyumbani nikaingia kwenye tovuti ya Wireless Power Consortium, hao ndio wenye hiyo alama ya Qi, wana orodha ya bidhaa zote walizozipitisha na mtu yeyote anaweza kutafuta bure. Ile chaja haimo, alama imebandikwa tu kwenye boksi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela tafuta jina la kampuni na namba ya modeli pale, ukikosa acha hata kama boksi linang'aa.

Nilisema sinunui tena. Lakini mama akawa amerudi kwenye waya wake, simu inazima, hapatikani, na mimi roho juu. Nikaenda duka lingine, huko nikakuta dada mmoja muuzaji, nikamwambia sichukui mpaka tuijaribu hapahapa. Akasema "ijaribu dada, ndio vizuri ujue unachonunua," akaweka sarafu mwenyewe, simu juu yake, kidogo tu taa ikaanza kupepesa na ikakata. Nilitaka kumkumbatia. Na kaniuliza kichwa cha chaja nilichonacho nyumbani, kile cha kuchomeka ukutani, ni cha aina gani, akaniambia kile cha zamani cha volti 5 ampea 1 kinatoa wati 5 tu, chaja ya wati 15 haiwezi kufika kwa hicho. Swali dogo kama hilo, kule Aggrey hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo ndio, nimebadilika, hii nyingine ni nzuri, mama anaitua simu pale kama anavyotua kikombe na ananipigia mchana anacheka. Ukiwa na mzazi mwenye vidole vinauma nunua, nasema nunua. Ila ukiwa na vidole vizima na haraka zako waya bado unashinda, hii inachaji polepole na inapasha simu moto, na betri haipendi joto, na joto la Dar mnalijua. Kava nene vua, kile kibati cha kushikia simu kwenye gari toa, kadi ya benki isikae nyuma ya simu. Kitandani na chini ya mto hapana. Na kama nyumbani kuna mtu amewekewa kifaa cha mapigo ya moyo, Apple wenyewe wanasema simu zao zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kifuani, zikiwa zinachaji kwa wayalesi zaidi ya 30, muulizeni daktari wake kabla.

Kwa mama tumekubaliana inatumika mchana tu, usiku mdogo wangu anazima swichi ya ukutani. Hata hii nzuri siiachi na neti pale.

Ile iliyoungua ipo kwenye begi langu, wiki hii naipeleka FCC, Tume ya Ushindani, maana bidhaa feki ni kazi yao. Sidai hata ile elfu thelathini, nataka wakaangalie kwenye lile duka zimebaki ngapi.