Bunju wa madoa, chumvi na rifraktomita: uzoefu wangu

Bunju ninayemzungumzia ni yule samaki mdogo wa kijani mwenye madoa meusi, Dichotomyctere nigroviridis, anayeletwa kutoka Asia. Kwao anaishi kwenye mikoko na midomo ya mito, maji ya munyumunyu, yaani ya mtoni yaliyochanganyika na ya bahari. Hapa Dar nilimkuta dukani kwenye maji ya bomba, kachanganywa na gapi, samaki wadogo wenye mikia mipana, ambao nusu yao mikia alishaing'ata. Muuzaji akaniapia kuwa ni wa maji baridi (yasiyo na chumvi) na hazidi urefu wa kidole. Nikanyamaza, nikalipa. Huyu hufika sentimita 15, na akishapevuka anahitaji chumvi. Akiwa mdogo huvumilia maji baridi, ndiyo maana mteja hashtuki mapema. Baadaye samaki anafifia rangi, anaugua kila mara, na lawama anabeba mfugaji. Kwa duka natoa nyota moja, tena kwa ajili ya kufunga vizuri mfuko wa oksijeni.

Samaki mwenyewe nampa nyota tano. Kila jicho linazunguka kivyake. Ukimtupia konokono anasogea taratibu, anamkagua kwa jicho moja, kisha unasikia "kach!" hadi upande huu wa kioo. Meno yake manne yameungana kama mdomo wa kasuku na hayaachi kukua, kwa hiyo bila vitu vigumu vya kutafuna yatarefuka mpaka ashindwe kula. Konokono nawazalisha mwenyewe kwenye ndoo. Wa mtaroni na bwawani siwagusi, kichocho si mchezo.

Sasa vifaa vya kupima chumvi ya maji. Haidromita ya plastiki yenye mshale sikuipenda: kiputo kimoja kikinasa kwenye mshale, kipimo kinadanganya. Rifraktomita ya mkononi, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye tone la maji, ndiyo pesa yangu iliyokwenda mahali pake. Unadondosha maji ya betri (yale safi ya kuongezea, siyo asidi, jamani) kwenye kioo chake, unafunika, unaangalia kuelekea kwenye mwanga, unazungusha skrubu hadi mstari unaotenganisha bluu na nyeupe ukae kwenye sifuri. Ukishafuta, weka tone la tangi usome. Kipimo ni uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi: maji baridi ni 1.000, bahari ni kama 1.025. Wangu nilimwanzia 1.005, mkubwa anapenda kuzidi 1.010. Kasoro yake moja ni kwamba inahitaji kurekebishwa mara kwa mara.

Chumvi ya paketi ya akwariamu ni nzuri ila bei yake inaumiza. Chumvi ya mezani usithubutu kuifanya mbadala, haina kalisi wala magnesi ya kutosha, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) haitasimama. Anayeishi pwani ana njia nyingine: maji ya bahari yenyewe. Mimi nachota Kigamboni maji yakiwa yamejaa, mbali na mifereji, nayachuja kwa kitambaa. Sehemu moja ya bahari kwa tatu za maji ya bomba yaliyotolewa klorini inakupa takriban 1.006. Kisima cha chumvi cha nyumbani si sawa na bahari, madini yake ni mengine.

Chumvi ipandishe polepole, 0.002 kwa wiki inatosha. Bunju anaweza kuhimili haraka zaidi; bakteria wa kwenye filta wanaosafisha uchafu wa samaki ndio wasioweza, na wakifa amonia, sumu ya uchafu huo, inapanda. Kwa joto letu maji hupungua haraka, lakini yanayoondoka ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unapofidia kilichokauka, ongeza maji yasiyo na chumvi. Ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji.

Samaki wengine wa tangi, kama neoni na samaki wa dhahabu, hawawezi kumfuata kwenye chumvi hiyo. Samaki aina ya moli wangeiweza chumvi, ila mikia yao haitapona meno yake. Mfuge mmoja, peke yake, kwenye tangi la lita 120 au zaidi. Kama tangi lako la sebuleni lina samaki wa maji baridi na hutaki la pili, mwache dukani.