TAHADHARI: Anauza transista feki za amplifaya, spika imeungua

Mafundi na wapiga gitaa wenzangu, kuna mtu anauza transista za nguvu, zile zinazosukuma spika ndani ya amplifaya, aina ya 2SC5200 na 2SA1943, anaapa kwamba ni orijino. Ni mwizi. Naandika mikono ikitetemeka kwa hasira na kwa aibu, maana spika iliyoungua si yangu, na wa bendi mnajua ni ya nani.

Wala msiseme nilikurupuka. Huyu mtu anaongea kama fundi kabisa. Kabla sijamuuliza lolote, yeye ndiye aliyeniuliza: "Umeme wako volti ngapi kila upande?" Nikamwambia chanya 42, hasi 42, spika ya ohm 8. Akajibu papo hapo kwamba jozi moja, yaani moja ya kila aina, inatosha, na ni kweli, zikiwa halali inatosha. Akanitajia vipimo bila kusitasita: volti 230, ampea 15, wati 150. Akanirekodia na video, multimita iko kwenye kipimo cha dayodi, kinachoonyesha tu kama kuna shoti ndani, anagusa mguu baada ya mguu, 0.55 hapa, 0.56 pale, hakuna shoti popote. Maandishi ya kiwanda yamechapwa safi. Mlitaka nidai nini zaidi?

Nikazifunga kwenye bati la kupoozea, mika ya kuzuia umeme na grisi ya kupitisha joto mahali pake. Nikawasha kupitia balbu ya wati 100 niliyoiunga mfululizo na umeme wa ukutani ili ipunguze umeme kukiwa na shoti, kama nifanyavyo siku zote. Balbu ikamulika, ikafifia. Kwenye njia ya spika milivolti 12 tu. Nikapanga bayasi, ule mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata kabla ya sauti, milivolti 10 juu ya rezista ya emita ya ohm 0.22. Kila kitu shwari. Nikaondoa balbu, nikaunga spika, nikachomeka gitaa. Jamani, ilitoa sauti tamu! Nikapandisha volyumu polepole, nikapiga kodi ya E nyuzi zote sita, nikaiacha ivume.

Pa! Koni ikaruka mbele na kubaki hukohuko. Harufu ya vanishi, kisha moshi. Nilipoifikia swichi, koili ilishakuwa mkaa. 2SC5200 ilikuwa imepiga shoti kolekta kwa emita, yaani miguu yake miwili imeungana ndani, volti 42 za DC, umeme usiobadili mwelekeo, zikaingia zote kwenye spika: zaidi ya ampea 5, zaidi ya wati 200 za joto tupu. Fyuzi ikakata mambo yamekwisha.

Nikadhani ni saketi. Nikakagua transista ya bayasi, rezista na kapasita za kuzuia mtetemo pale kwenye njia ya spika, njia ya mrejesho, madraiva, yaani transista ndogo zinazoendesha zile za nguvu. Vyote vizima. Ndipo nikachukua msumeno nikaipasua transista yenyewe. Ndani kuna kipande cha silikoni, ndicho kinachobeba umeme wote, kidogo kama punje ya mtama! Hicho ndicho kilichoandikwa ampea 15! Nikampigia. "Bosi, umelehemu vibaya." Nikamtumia picha. Akanibloki.

Mtu huyu akamatwe, na asiachiwe kwa kuomba samahani. Anajua anachouza. Asingejua vipimo kwa kichwa namna ile halafu asijue kilichomo ndani ya kitu chake. Leo ni spika, kesho DC hiyo inawasha moto nyumbani kwa mtu usiku.

Mnaouliza zinatambulikaje: kipimo cha dayodi hakisaidii kitu, feki nazo zinapita. Chukua mita ya kapasita, pima kati ya kolekta na besi. Kwenye volti 10 ya halali ni takriban pikofaradi 200 kwa 2SC5200 na 360 kwa 2SA1943, na mita ya kawaida, inayopima kwa volti ndogo, inatakiwa isome juu zaidi ya hapo. Zangu hata 100 hazikufika. Pitisha pamba yenye asetoni, maandishi yakifutika, rudisha. Na bei yake ilikuwa chini kuliko ya wengine wote, hilo nalo liangalieni.

Pesa arudishe, spika ailipe. Aliyeuziwa naye ajitokeze twende polisi pamoja, mmoja mmoja watatupuuza. Transista hizo nimezitia kwenye bahasha, pamoja na ile video yake na meseji zote, sijafuta hata moja.