Dizeli au mafuta ya taa katika mashine ya boti

Katika nchi za baridi, mafuta ya kupashia nyumba joto hukaribiana sana na dizeli, na injini nyingi za dizeli huyapokea bila taabu. Huku Pemba, anayetafuta mbadala wa dizeli hukimbilia mafuta ya taa, nayo ni habari nyingine kabisa. Dizeli huilainisha pampu na nozeli (kipuri kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini) inapopita, ilhali mafuta ya taa ni mepesi mno: yasugue baina ya vidole viwili, utahisi ule utelezi umepungua. Lita ya dizeli ina takriban gramu 840, ya mafuta ya taa takriban 800, hivyo nguvu ya kila lita hupungua pia. Kwa maoni yangu, nahodha wa Wete anayevuka mkondo na abiria asithubutu kuyatia. Ayatumie kuoshea vipuri, kazi wanayoifanya vizuri mafundi wetu kila siku.