Baiskeli ya Buffalo kwa Wanafunzi wa Vijijini
Baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, haikuundwa kwa mashindano bali kwa njia za vumbi, na keria yake ya chuma, inayobeba hadi kilo 100, humwezesha mwanafunzi kumpakia mdogo wake pamoja na mikoba yao (wazazi watakaoiazima kwenda sokoni hawatakosekana). Breki ya nyuma hufungwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, hivyo hakuna waya wa kukatika. Ni nzito, na mtoto mdogo ataisukuma mlimani kwa taabu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Zambia ulionyesha kuwa wasichana waliopewa baiskeli hizi walipunguza kukosa masomo kwa asilimia 28, nami naipendekeza kwa shule yoyote iliyo karibu na fundi mwenye vipuri vyake.