Sabufa mbili kwa sebule ya futi 30

Sebule yetu hapa Bombo, Uganda, ina futi 30 kwa 20, na dari iko futi 10 juu. Marehemu mzee aliijenga hivyo makusudi, apate pa kukalisha wageni wa harusi, na mvua ikinyesha duluka, ngoma ya Wanubi, ipigwe humohumo ndani. Alipenda namba zisizo na mikia, na fundi wake naye alifurahi. Mimi niliyerithi chumba ndiye niliyekuja kuyalipia yale mahesabu, kwa masikio.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chukua hiyo, igawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba, kwa mita, utapata mlio ambao chumba chenyewe hupenda kuuitikia. Kisha kuna wa mara mbili yake, wa mara tatu, na kuendelea. Urefu wetu wa futi 30 unatoa karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 19, 38 na 56. Upana wa futi 20 unatoa 28 na 56. Kimo cha futi 10, 56. Kuta zote na dari zimekula njama kwenye namba moja. Sasa gitaa la besi, waya wa A ukipigwa bila kushikwa, unatoa hezi 55. Wapiga besi wa rumba wanaupenda waya huo kama sisi tunavyopenda chai. Kila wakiugusa, vikombe vya Hajati mama kabatini vilikuwa vinalia, na tabaga zake, zile sinia za kusukwa, zilizotundikwa ukutani zinatetemeka kama zina homa. Noti zinazofuata, kimya cha kawaida. Kwa miaka nilidhani ni santuri mbovu.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta sabufa, yaani spika ya milio ya chini kabisa, sikuwa natafuta kelele. Kelele nilikuwa nayo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Ukienda mjini Kampala ukaomba sabufa, utapewa seti nzima: boksi moja la kati, spika mbili ndogo, taa za rangi zinazocheza, rimoti, na mahali pa kuchomeka flashi. Niliazima moja kwa mpwa wangu. Kwenye katoni imeandikwa wati 10,000 PMPO, yaani wati za matangazo. Nikaigeuza nyuma, kibandiko kidogo cha umeme kinasema inakula wati 60. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Chumbani kwake kwa futi 10 kwa 12 inapendeza sana, siidharau. Kwetu sebuleni ilikuwa kama mtu anayepiga kelele ndani ya tangi, akiwa upande wa pili wa barabara.

Pili nikajaribu sabufa ya kazi za harusi na mikutano, ya mtumba, koni (ile sehemu ya spika inayosukuma hewa) ya inchi 15, boksi zito la kubebwa na watu wawili. Muuzaji, ambaye jina lake na duka lake nayaacha, aliniapia kwamba itabomoa nyumba. Kuanzia hezi 50 kwenda juu alisema kweli, kifua kilijaa. Lakini nikaweka besi ya nyuzi tano, ile inayoshuka hadi hezi 31, na noti za chini zikawa hazipo, unasikia vidole tu. Sabufa za namna hii nyingi zimeundwa kupiga kwa nguvu uwanjani, na ili zipate nguvu hiyo zinauza kina. Mbaya zaidi, pale palipo na nguvu zake ndipo palipo na ugonjwa wa chumba changu. Hajati aliondoa vikombe vyote kabatini siku ileile, hakusema neno. Niliirudisha kwa hasara.

Hapo ndipo nilipokaa nikasoma vizuri kuhusu maboksi. Sauti ya boksi lililozibwa hupungua taratibu kadiri mlio unavyoshuka, na kwenye chumba kidogo kuta husaidia kuzijaza noti za chini. Boksi lenye tundu hutumia hewa ya ndani kusaidia koni karibu na mlio lililopimiwa, halafu chini ya hapo sauti huanguka ghafla. Watu wengi huniambia lililozibwa ndilo la muziki na lenye tundu ni la sinema. Kwa chumba cha kawaida ningewakubalia nusu. Kwa futi za ujazo 6,000, milango miwili ikiwa wazi kwenda ukumbini, hapana. Ukitaka kushuka oktavu moja, yaani hadi nusu ya hezi, na ukali ubaki uleule, koni lazima isukume hewa mara nne. Chumba kikubwa hakina huruma na jambo hilo, na kuta ziko mbali mno kukusaidia.

Nilichonunua ni SVS PB-1000 Pro, mbili. Ni za kampuni ya Ohio, Marekani: koni ya inchi 12, boksi la tundu, wati 325 za kweli, za RMS, na wanaandika inafika hezi 17. Zinapangwa kwa programu ya simu, pamoja na vichujio vitatu vya kupunguza mlio fulani, kitu kilichoniokoa mgongo. Bei ya zote mbili pamoja na usafiri ingeninunulia pikipiki mpya ya boda na chenji ya mafuta ikabaki. Ningeweza kuchukua moja kubwa zaidi kwa pesa hizohizo, na rafiki yangu mmoja mpaka leo hanielewi.

Sababu ni hii. Sabufa moja, hata iwe ya inchi 18, inaamsha chumba kutoka sehemu moja. Chumba kibaya kitabaki kibaya, sasa kwa sauti ya juu zaidi. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, aliwahi kulipima suala hili, akalichapisha mwaka 2002: sabufa kadhaa zikikaa mahali panapostahili, tofauti kati ya kiti na kiti hupungua. Na kwetu hakusikilizi mtu mmoja. Jumamosi jioni wazee huja saba au wanane, kila mmoja na kiti chake cha haki, na huwezi kumwambia Hajji asogee kwa ajili ya hezi.

Kuzipanga kulinichukua majuma mawili. Njia ninayoishauri ni ya kijinga na inafanya kazi: weka sabufa kwenye kiti unachokalia, piga besi, kisha tambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Panaposikika sawasawa, hapo ndipo itakapokaa. Nina miaka 54. Hajati alinikuta nimepiga magoti nyuma ya kochi, sikio karibu na vigae, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, umepoteza pete?”

Nilianza na kona, kwa sababu kila mtu anasema kona huongeza nguvu. Huongeza, ndiyo, na huamsha kila ugonjwa wa chumba kwa pamoja. Mwisho wake moja imekaa ukuta wa mbele, futi 5 kutoka kona ya kushoto. Nyingine ukuta wa nyuma, futi 5 kutoka kona ya kulia. Robo ya upana, kila upande. Baadaye nikakaa na kalamu nikaona kwa nini: kwenye robo ya upana, ule mlio wa 56 wa upande kwa upande hauna pa kushika, na kwa kuwa moja iko mbele na nyingine nyuma, zikipiga pamoja zinaufuta ule 56 wa urefu. Zile namba nzima za mzee, zilizoniumiza, zimekuwa rahisi kuzitibu kwa futi ya kupimia. Mlio uliobaki ukitokeza ni ule wa 38, ambao ni mkali katikati ya chumba na ukutani. Kochi la wazee lililokuwa limeegemea ukuta wa nyuma limesogezwa mbele futi 8. Maneno yalikuwepo, yakaisha. Kichujio kimoja cha simu kilimalizia.

Umeme ni habari nyingine. Sabufa ya nyuma inahitaji waya wa ishara wa mita 14 kupita juu ya mlango, na siku ya kwanza ilivuma mmm ya chini isiyokoma. Hizo ni hezi 50 za umeme wetu: amplifaya ilikuwa kwenye soketi moja, sabufa kwenye nyingine, na njia ya ardhi ikazunguka kati yake. Nilizirudisha zote kwenye soketi moja kwa waya mrefu, mvumo ukaisha. Fundi mmoja alitaka kukata waya wa ardhi. Nilimpa soda nikamsindikiza. Na kabla hujanunua kitu kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani, geuza usome nyuma. Jamaa yangu aliletewa sabufa ya volti 115, akaichomeka kwenye 240 zetu mbele ya wageni. Moshi ulitoka kwenye tundu la besi, kwa utaratibu, kama udi. Mawingu yakifunga nami huchomoa kila kitu, maana radi za huku hazina adabu.

Wanaoniuliza kama ilifaa, nawaambia waje wasikilize kadongo kamu, gitaa moja na mtu anayesimulia. Zamani dole gumba la mpigaji lilikuwa linapotea noti moja na kulipuka inayofuata. Sasa linatembea. Sabufa yenyewe huisikii ilipo. Juzi mzee mmoja aliweka kikombe chake juu ya ile ya nyuma akidhani ni kimeza. Kwa rumba ya sauti ya mazungumzo hazijaguswa hata nusu. Mwenye chumba cha futi 12 asinunue mbili za namna hii, atakuwa anapasha moto nyumba jirani. Moja iliyozibwa itamtosha na pesa itabaki.

Vikombe vimerudi kabatini. Kitu kimoja sijakiondoa: ule 56 wa kutoka sakafu hadi dari. Tukiwa vitini masikio yako karibu na futi 4 juu, nguvu zake zimepungua, lakini sakafuni uko mzimamzima. Wajukuu wa Hajati wameligundua hilo peke yao. Rumba ikianza wanalala kifudifudi kwenye zulia, matumbo chini, wakingoja waya wa A, na ukipigwa wote wanacheka kwa pamoja.