Toroli la Daraja la Mungu: uzoefu wangu wa kuchapisha kitabu cha mazimwi Mwanjelwa

Niseme mapema: kitabu chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na karatasi. Na yule mama wa steshenari. Na mimi mwenyewe kidogo, ila hilo nitalifikia nikishapoa.

Tuko watu watano tunaocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimuliana hadithi) Jumamosi jioni, Uyole, sebuleni kwa binamu yangu, na baridi ya huku mnaijua. Mimi ndiye msimulizi. Wenzangu wanakuwa mashujaa, mimi nabaki kuwa kila kitu kingine, kuanzia mwenye gesti mpaka zimwi. Na msimulizi asiye na mkusanyo wa mazimwi ni mganga aliyesahau mkoba. Vile vitabu vyenyewe vya jalada gumu, mpaka vikufikie Mbeya umeshauza mbuzi. Bahati nzuri Januari 2023 wenye mchezo waliziachia kanuni za msingi za toleo la tano kwa leseni ya Creative Commons, na mazimwi tele yamo humo. Picha hakuna hata moja, na lile dubwana la jicho kubwa linaloelea hewani wamelibania, lakini bure ni bure, na kuchapisha ni halali ukitaja yalikotoka. Nikatia kwenye flashi, nikapanda daladala.

Jina la steshenari silitaji. Siku hiyo ilikuwa imejaa wanachuo na ripoti zao za fildi, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Nikamuuliza binti wa kwenye mashine kama anaweza kutoa mbele na nyuma.

"Inawezekana, kaka. Ila mashine haigeuzi yenyewe siku hizi, nitageuza kwa mkono."

Hapo ndipo ningetoka mbio.

Alichofanya ni hiki: alitoa kwanza kurasa zote za witiri, akalichukua rundo, akaligeuza, akalirudisha ili zitoke za shufwa. Ila aliligeuza kinyume. Kwa hiyo mbele zinakwenda moja, tatu, tano kama kawaida, na nyuma zinarudi kutoka mwisho kuja mwanzo. Ukipitisha kidole gumba haraka haraka, kurasa za kulia zinafuatana vizuri tu. Na sikilizeni hii, maana ndiyo inayoniuma mpaka leo: katikati kabisa ya kitabu kuna karatasi moja ambayo mbele na nyuma zinakutana sawasawa. Moja tu. Na mimi, mtu mzima, nilikagua kwa kufungua katikati. Nikaona zimwi limeanza huku na limemalizikia nyuma yake, nikasema safi sana, wakapiga spairo na plastiki juu, nikalipa.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimeandaa safari ya kushuka Tukuyu, mashujaa wavuke Mto Kiwira kwenye Daraja la Mungu, na chini ya lile jiwe nimeweka troli. Troli ni jitu la hadithi za watu wa Skandinavia, na hadithi nyingi zinapenda kulikalisha chini ya daraja. Nani ana daraja zuri kuliko letu, lililojengwa na volkano yenyewe? Nilipolitaja jina, mwenzetu mmoja, mwalimu wa fizikia, akauliza kama linasukumwa. Kuanzia hapo likaitwa Toroli, sikuweza tena kulirudisha.

Kwa wasiojua, utamu wote wa troli uko mahali pamoja. Ukilikata linapona. Kila zamu yake ikianza nyama inajirudishia, mpaka ulichome moto au ulimwagie tindikali. Mchezaji akilivumbua hilo katikati ya mapigano unaliona kabisa linamwingia usoni. Na sentensi hiyo kwenye kitabu changu ilipaswa kuwa nyuma ya karatasi.

Nikafunua. Kiingereza nasoma kimoyomoyo, Kiswahili nasimulia, kwa hiyo sikuwa na muda wa kujiuliza. Nikasoma kwamba anayelitazama machoni anaanza kuwa jiwe.

Hiyo ni ya basiliski. Basiliski ni mjusi wa miguu minane, wala hahusiani na daraja. Dada wa duka la dawa akageuka jiwe. Jamaa yetu wa Iringa akafuata, akasema basi yeye atakuwa Gangilonga, lile jiwe la kwao linaloongea, ataendelea kuongea hivyo hivyo akiwa jiwe, na kweli aliongea usiku kucha. Binamu akainua mwenge: "Mimi nalichoma. Troli si huchomwa moto?" Na mimi, nisamehewe, nikamjibu kwa sauti ya mwenye kitabu: "Kitabu hakisemi hivyo." Binamu anajua. Amecheza kwenye kompyuta miaka. Nikambishia mtu aliye sahihi mbele ya wageni na chai yake mkononi mwangu.

Nilikuja kugundua tumeshamaliza, natafuta joka, napata nusu joka na nusu zimwi jingine.

Sasa huduma kwa mteja. Kama siku mbili tatu baadaye nikaingia dukani na kitabu juu juu, naongea tangu mlangoni. Binti hakuwepo, alikuwepo mama mwenye duka. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Kwanza salamu."

Watu wote kimya. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu, za nyumbani. Nikasema nzuri. Jamani, jaribuni kurudi kwenye hasira baada ya hapo. Haiwezekani, ngazi imeshaondolewa.

Akavaa miwani, akafunua kurasa mbili tatu, akauliza hivi ni vitu gani. Nikamwambia ni mazimwi, mama, yamechanganyika. Akaniangalia juu ya miwani.

"Zimwi likichanganyika na zimwi linakuwa nini? Si zimwi tu?"

Wanachuo wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha ripoti yake. Nilitaka nyota moja hapo hapo. Nilitaka sifuri.

Shida ni kwamba sentensi ile nimetembea nayo. Huu mchezo wenyewe umefanya nini tangu zamani? Gary Gygax, mmoja wa walioubuni, alipokuwa anatafuta madubwana ya kuweka mezani, alichukua midoli ya plastiki ya bei rahisi kutoka Hong Kong, haijulikani ni mnyama gani, akaipa majina na tabia. Ndiko alikotoka yule mdudu anayekula chuma kwa kutu, na yule dubu mwenye kichwa cha bundi, na wote wamo kwenye kitabu cha mazimwi cha 1977. Dubu na bundi! Nani aligeuza rundo kinyume siku hiyo?

Kwa hiyo nilikuwa naelekea kutoa nyota nne, nasema kweli. Kisha nikakumbuka kwamba kuchapa upya yule mama alinitoza. Alisema karatasi ni zake, spairo ni yake, na aliyeshindwa kukagua ni mimi. Nusu bei, eti kwa kuwa nimesalimia. Na spairo ya pili ni fupi, kurasa za mwisho zinachomoka, mizimu yote nimeibana na kibanio cha nguo.

Kitabu kipya kiko sawa, nimekikagua ukurasa kwa ukurasa. Wenzangu hawakitaki. Wanataka lile Toroli la macho lirudi, maana dada wa duka la dawa bado ni jiwe pale Kiwira na anadai haki yake. Binamu amekificha kile kibovu, hasemi wapi.

Nyota mbili. Tatu kama binti yule atakuwa ameshaonyeshwa namna ya kugeuza rundo. Mkienda, kagueni karatasi ya kwanza na ya mwisho, katikati mpaacheni, na msalimie mlangoni.